Damu ya Chui, Kuku wa Daktari

Vijana mnaoingia katika kazi ya labo, ya kupima damu, nianze na shauri hili: mkimwambia mtu kwamba moyo wake uko hatarini, naye akawapa kuku kwa kuwashukuru, msimpokee kuku huyo. Sisi tulimpokea. Tulitoka katika lupango, ua wa jirani yangu Kunda, mtaa wa Bel-Air mjini Lubumbashi, daktari akimbeba kuku kwa miguu, kichwa chini, mbawa zikimpiga kwenye koti jeupe. Nyuma yetu mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitini akicheka mpaka anafuta macho. Alitoa kuku kwa sababu, kwa maneno yake, hajawahi kuona mtu anayeigiza udaktari vizuri kama yule mwanamke.

Na yule alikuwa daktari wa kweli.

Ili mwelewe, lazima nirudi nyuma kidogo, na nyuma kwangu ni mbali. Nilianza kazi ya labo nilipomaliza sekondari, nikaiacha mgongo ulipokataa kuinama juu ya mikroskopi. Aliyenifundisha ni Papa Anselme, mtu mfupi, mwenye kichwa kilichonyolewa, ambaye hakuwahi kuongea na mtu kabla ya kumaliza chai yake. Siku ya kwanza alinipa kioo chembamba na tone la damu, akaniambia nilitandaze. Nikalitandaza, kisha nikalipuliza ili likauke haraka. Alinipiga vidole kwa mrija wa kioo.

"Unapuliza damu? Iko chai?"

Damu haipulizwi, vijana. Inapungwa hewani taratibu mpaka ikauke yenyewe. Na kioo cha kutandazia kinashikwa mshazari, unakisukuma mara moja bila kusita, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate na huku amechelewa kazini. Ukisita, damu inafanya mistari kama punda milia, na hapo hata uwe na mikroskopi ya mfalme huoni kitu.

Jina la mgonjwa andikeni kwa penseli. Mimi niliandika kwa kalamu ya bic, nikavitumbukiza vioo katika alkoli, na majina yote yakaogelea yakaenda zake. Ilibidi nitoke kwenye baraza kuwaomba radhi watu waliokuwa wamekaa toka asubuhi, kila mmoja na pamba yake mkononi. Mama mmoja aliniuliza damu yake imekwenda wapi. Nikamwambia iko, ila haijulikani ni ipi.

"Basi unipe yoyote yenye iko," alisema, "niende nyumbani."

Na vioo ambavyo bado havijapakwa rangi vifunikeni. Inzi wanapenda damu kuliko sisi tunavyopenda mishahara. Asubuhi moja nilikuta vioo vyangu vimelambwa vikawa safi kama vya dukani. Papa Anselme aliandika kwenye ripoti: "Vimeliwa na inzi." Daktari mkuu akaturudishia ile ripoti, chini yake ameuliza kama inzi wamepata homa.

Nawaambia haya ili msidhani mnafundishwa na mtu aliyekuwa hodari. Nilikuwa wa kawaida, tena nilikuwa na ugonjwa wa uhakika. Mzee akija na uchovu, nilitazama damu yake kwenye mikroskopi, nikaona chembe zimekaa vizuri, nikamwambia, "Damu iko muzuri, papa, unaweza kwenda. Ni buzee tu." Wangapi niliwaambia hivyo sijui. Nilikuwa naona sura za chembe, nikafikiri nimeona tabia zake. Hilo najuta hadi leo, na aliyenifumbua macho ni mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano.

Huyo ni daktari Nadège. Alipokuja kwetu kufanya mazoezi alikuwa mwanafunzi anayeogopa mishipa. Leo ni daktari wa moyo. Nilipokuwa nimeshastaafu, alinipigia simu. Yeye na wenzake wa chuo kikuu walikuwa wanachunguza damu ya wazee wa Lubumbashi, wanaituma ng'ambo kwenye mashine zinazosoma ndani kabisa ya chembe. Lakini wazee walikuwa wanakimbia sindano za vijana. Aliniomba nije nitoe mimi.

Mshipa wa mzee ni mgumu kama kamba ya katani, na unateleza. Msimpige kofi mkononi kana kwamba amekosa. Mwambieni auache mkono uning'inie, wekeni kitambaa cha maji ya moto, kisha uzuieni mshipa kwa kidole gumba, chini kidogo ya pale mnapoingia. Mkishatoa damu, geuzeni mrija juu chini polepole. Si chupa ya dawa ya kikohozi.

Nilipokuwa naigeuza ile mirija, Nadège alinieleza wanachotafuta. Ndani ya mifupa yetu kuna uboho, na ndani ya uboho kuna chembe zinazozaa damu maisha yetu yote. Zinazaa kwa kujinakili. Nawe ukinakili kitu kwa miaka mingi, siku moja utakosea. Basi chembe moja inapata kosa dogo. Kwa kawaida si la kurithi. Linakuja na uzee, kama mvi. Kosa lile likiipa chembe nguvu ya kuzaa kuliko wenzake, watoto wake wanaongezeka, na wajukuu, mpaka sehemu kubwa ya damu yako inakuwa ukoo wa chembe moja. Husikii maumivu. Wengi wanaishi hivyo hivyo na hawajui. Lakini chembe za ukoo ule zinaweza kuwa na hasira. Zinaingia katika kuta za mishipa ya moyo, zinachochea uvimbe, kuta zinanenepa, njia inakuwa nyembamba. Wachache zinawapeleka kwenye saratani ya damu. Wanaoumia moyo ni wengi zaidi.

"Na ku mikroskopi zinaonekana namna gani?" nilimwuliza.

"Zinaonekana kama zingine, papa."

Nilikuwa nawaza wale wote niliowaambia waende.

Aliniomba pia nitoe damu yangu. Nikamwambia mimi ni mtu wa upande wa sindano, si wa upande wa mkono. Alicheka, na mimi nikapita hapo kama mwanafunzi anayepita mlango wa mkuu wa shule.

Mzee wa kwanza niliyemkokota kwenye uchunguzi ule alikuwa jirani yangu Kunda, na hapa ndipo kuku anaanza kunusa njia.

Kunda alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa wetu aliyatengeneza yeye, na nusu hiyo haifungi vizuri. Yeye kwa mama yake ni wa ukoo wa Chui. Mimi kwa mama yangu ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwa watu wetu hilo linatosha: sisi ni banungwe, watani wa kuzaliwa. Anaweza kunitukana mbele ya askofu, anaweza kuchukua kitu changu bila kuomba, na mimi pia. Kukasirika ni mwiko. Siku ya ndoa ya binti yangu aliingia chumbani akavaa viatu vyangu vipya, akaenda navyo kanisani. Nilimpeleka binti altareni na kandambili. Mimi nami niliwahi kuwatangazia wanakwaya wenzake kwamba Chui hataimba Pasaka kwa sababu amemeza meno yake ya bandia. Walimwombea.

Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anachimba kaburi, ndiye anabeba, ndiye anasimama katikati ya kilio kumwigiza marehemu, jinsi alivyokuwa anatembea na kusema, mpaka wenye msiba wacheke. Huo si mchezo, ni wajibu. Ubaya wake mmoja ni kwamba ukishakuwa mtani wa mtu tangu utotoni, hakuna neno lako ambalo halitani.

Majibu ya ng'ambo yaliporudi, Nadège alimpigia Kunda simu.

"Papa Kunda, ni dokta Nadège. Tunaomba ukuye ku lopitali, ukuye na mama wa nyumba."

"Eh. Mbuzi amekupatia nini?"

"Mbuzi gani, papa?"

"Umwambie sauti ni muzuri. Lakini dokta wa kweli anaongeaka mbio."

Akakata. Alipopiga tena, Kunda alimwimbia. Mara ya tatu alimwuliza kama anaweza kuiga pia sauti ya padri.

Ndipo Nadège akanijia. Hakuniambia yaliyomo katika majibu, na alifanya vema, majibu ni ya mwenyewe. Aliniomba tu nimpeleke kwa Kunda. Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Nilikuwa nimeshamwona Kunda akitoka sokoni, njia ile inayopanda: anafika kwenye ukuta wa shule, anasimama, anajifanya kuna jambo linamshughulisha. Nikaona kheri niende naye daktari, nisimame pembeni, nitie uzito. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Sisi wawili kuingia pamoja katika lupango lile ilikuwa kama kuja na tangazo la tamthilia.

Kunda alikuwa amekaa karibu na geti lake lisilofungwa, anavuta sigara. Mke wake, Mama Feza, alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kwenye sinia.

"Nataka kusema na weye peke yako, papa," alisema Nadège.

"Sema mbele ya Mbuzi. Tukimutosha inje, atasikiliza ku dirisha."

Nadège akavuta pumzi. "Bon. Mu damu yako tumekuta chembe zenye kuzaa kupita zingine."

"Zinazaa?"

"Ndiyo, papa."

"Ku umri yangu hii? Feza, umesikia? Mu mwili yangu kungali fasi moja inazaa."

"Basi zikulishe," alisema Mama Feza bila kuinua macho.

"Zote zimetoka ku moja," Nadège aliendelea. "Ni kama ukoo."

"Mama yao ni nani?"

"Hakuna mama, papa. Ni kosa tu, inakuyaka na buzee."

Kunda akanigeukia polepole, na nilijua mara moja kwamba tumekwisha. Kwetu ukoo unatoka kwa mama. Kumwambia Chui kwamba ndani yake kuna ukoo usio na mama ni kumpa ngoma na fimbo za kuipigia.

"Weye njo ulinitoboa," aliniambia. "Weye mwenyewe, na sindano yako. Ulinitia bambuzi mu damu."

"Kunda, musikilize dokta."

"Bambuzi bamepita mu kishimo kadogo vile. Sasa banazaa. Kesho batakula moyo."

"Njo vile nataka kusema, papa," alisema Nadège, "moyo," na akatoa kile chombo cha kusikilizia kifua. Kunda akakishika, akakiweka mdomoni kama mikrofoni, akasema, "Allo, allo, wakristu, viti vya mbele ni vya bamama." Mama Feza mwenyewe akacheka, sombe ikamwagika. Nadège alisema kila kitu alichotakiwa kusema, presha, chumvi, sigara, vipimo, na kila neno lilipokelewa kwa makofi. Mwishoni ndipo Kunda akainuka, akamkamata kuku, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa.

Njiani Nadège aliniuliza, "Papa, sasa nifanye nini?"

"Umushike vizuri," nilimjibu, "anakaribia kutoroka."

Baada ya siku chache Bel-Air nzima ilijua kwamba damu ya Kunda imevamiwa na ukoo wa Mbuzi. Watu walinisalimu wakiniita mfugaji. Kijana mmoja aliniletea majani. Kunda alimwambia kila mtu kwamba usiku anasikia kwato.

Kosa la pili nililifanya peke yangu. Nilienda kwake bila daktari, nikakaa, nikaongea kwa sauti ya chini, sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu. Nilimwambia, ndugu yangu, tumekua pamoja, na mimi naogopa. Machozi yakanitoka, si uongo. Kunda alinitazama mdomo wazi. Kisha akasimama akaita majirani.

"Mukuye muone. Leo analia na machozi ya kweli. Mbuzi, anza tena pale penye ulisema 'ndugu yangu'."

Walikuja. Waliniomba nianze tena. Nilirudi nyumbani nikakaa gizani, maana courant ya umeme ilikuwa imekatika, nikafikiri: mtu huyu atakufa kwa sababu mimi ni mcheshi.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na lilihitaji viti. Niliamua kumtisha. Kama maneno hayaingii, aone mwenyewe. Niliwaita watu wa ukoo wangu kutoka Annexe, pembezoni mwa mji. Wakaacha mahindi yao, wakaja na majembe na chepeo za kuchimbia kaburi. Niliazima bache, turubai la kivuli, na viti vya plastiki vya parokia, nikaomba wamama wa nyimbo. Alfajiri tukatandaza matawi barabarani mbele ya lupango la Kunda, kama inavyofanywa palipo na kilio, tukafunga bache, wamama wakaanza. Hakuna ambaye angeweza kunizuia. Mtani akitaka kumzika mtani wake mapema kidogo, hiyo ni haki yake.

Sikufikiria wapita njia. Dereva wa pikipiki alisimama, akavua kofia ya chuma, akainamisha kichwa. Mama mmoja muuza mikate, ambaye Kunda alimtengenezea jiko, aliweka beseni chini akalia kwa sauti mpaka wale wa kwangu wakaona haya.

Kunda akatoka na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Nani amekufa?"

"Weye," nilimwambia.

"Saa ngapi?"

"Bado. Tumetangulia."

Alifikiri kidogo. Akaingia ndani. Nikasema moyoni, imemgusa. Akarudi amevaa shati jeupe na kofia yake ya kitambaa, akakaa kiti cha mbele, mahali pa wenye msiba, karibu na mjane wake.

"Sauti ya pili inapotea," aliwaambia wamama. "Mukinizika na wimbo hivi, narudi."

Muuza mikate alipomwona alikasirika. "Sasa miye nimelia bure?"

"Hapana, mama. Ile unihesabie ya mbele."

Ilipofika saa ya chakula alikula bukari, ugali wetu, na samaki kuliko wafiwa wote, akaomba chumvi. Nilikuwa nimesimama na chepeo ya kaburi mkononi, naona mpango wangu ukimezwa tonge kwa tonge. Aliposhiba akajifuta mdomo, akasema, "Munungwe, fanya kazi yako. Uniigize."

Sikuwa nimejitayarisha. Nilichukua sigara nikaiweka nyuma ya sikio, nikatoa kifua mbele, nikaanza kutembea kama Kunda, mguu wa kulia ukifika kabla ya mwenyewe. Watu wakacheka. Nikasalimu wanawake kwa sauti yake. Wakacheka zaidi. Halafu sikujua nifanye nini tena, nikafanya nilichokuwa nimekiona. Nikaufikia mti wa bache kana kwamba ni ukuta wa shule, nikaweka mkono. Nikafungua mdomo kama samaki. Nikatazama kushoto na kulia kama kuna anayeniona. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikakaa nimeinama, nikakaa sana, nikainuka, nikatembea kidogo tu, nikainama tena kufunga kamba.

"Njo yeye, ni yeye," walipiga kelele watoto. "Njo yeye kabisa."

Kunda alikuwa anajipiga mapaja kwa kicheko. Watu wote walicheka, isipokuwa mmoja. Mama Feza alikuwa anatazama chini, kwenye miguu ya mume wake. Kunda alikuwa amevaa kandambili za mpira, zile zile alizokuwa anavaa kila siku tangu miguu ilipoanza kuvimba jioni.

"Kunda," alisema Mama Feza. "Viatu yako iko na kamba?"

Kunda akatazama miguu yake, bado anacheka kidogo. "Hapana."

"Sasa mu njia unafungaka nini?"

Wimbo ukakoma. Mimi nilikuwa bado nimeinama pale kwenye mti wa bache, sijui kama niinuke au nibaki. Nikabaki.

"Pumzi," alisema Kunda.

Asubuhi iliyofuata Mama Feza alimpeleka hospitali, amemshika mkono wa shati kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Presha ilikuwa juu, moyo umechoka, na mishipa yake imeanza kuwa myembamba. Kuna vidonge, na kuna vitu alivyokatazwa, sigara kwanza, chumvi pili. Zile chembe hazina dawa bado. Nadège alisema wazi kwamba hawezi kuzifukuza. Anachoweza ni kuulinda moyo na kuitazama damu mara kwa mara. Kunda aliomba arudishiwe kuku wake, kwa kuwa daktari ametokea kuwa wa kweli na malipo yalikuwa ya mwigizaji. Nadège akamwambia kuku hakuchinjwa, yuko kwake, anataga. Walipatana mayai.

Sasa kila asubuhi anapokunywa vidonge anawaambia wale walio ndani, "Bambuzi, mutulie." Anapanda njia ya sokoni polepole, na akichoka anasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, bila kujificha. Madereva wanapiga honi. Yeye anawaambia wangoje, mbuzi wanapita.

Mama Feza alituwekea sheria siku ile ile ya hospitali. Alisema amechoka kuolewa na mtu mmoja anayecheka msiba wake na jirani anayeuandaa. Tangu leo, katika lupango lake, anayetaka kuaminiwa avue kofia aiweke mahali inapoonekana. Kofia ikiwa kichwani, ni utani kama kawaida. Kofia ikivuliwa, hakuna kucheka. Tulimwambia ni sheria ya kitoto. Tulikubali.

Haikutumika kwa muda mrefu. Tulikuwa hatuna cha kweli cha kuambiana.

Halafu, mwezi huu tulio nao, nilikuwa nimekaa kwake jioni, tunakula mayai ya yule kuku. Kunda aliniambia, "Mbuzi, mbona unalalaka kwa kiti?"

"Chui halali kabisa, anaiba kuku."

"Nakuonaka ku baraza yako asubuhi, umelala ukikaa. Muke yako anasema ukilala chini unakosa pumzi. Na soksi yako inakuchora mu miguu kama kamba."

"Nimenenepa. Navimba na furaha ya kukuzika."

"Kesho tunaenda kwa dokta Nadège."

Nikacheka. Vijana, nilicheka vizuri, kile kicheko nilichokuwa nachukia kukisikia kwa wengine, na nilikuwa nimeshapata jibu la kumpa, jibu zuri sana, ambalo sasa silikumbuki. Niliinua macho nimpe. Kichwa chake kilikuwa wazi, mvi zote nje. Kofia ilikuwa juu ya meza, karibu na kopo la chumvi asilolitumia tena.

Kesho yake nilikaa upande wa mkono. Nadège alifunga mpira juu ya kiwiko, akatafuta, mshipa ukakimbia. Nikamwambia aache mkono uning'inie, aweke kitambaa cha moto, azuie kwa kidole gumba. Alisema anajua, papa, anakumbuka. Damu ilipoanza kuingia katika mrija nilijikuta naitazama kwa desturi, nataka kusema iko muzuri. Nikafunga mdomo.

Kunda alikuwa amesimama mlangoni. Nilimsubiri aseme neno juu ya mbuzi na sindano, maana nafasi ilikuwa kubwa na mimi sikuweza kukimbia. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akaishika hivyo mpaka mrija ukajaa.